Dubu Aliyekataa Kufa

Kila Alhamisi alasiri, jumba la michezo ya watoto lililokuwa mtaa wa Olaya, jijini Riyadh, lilifurika watu kama mto wa masika. Kina baba waliovaa kanzu nyeupe waliwabeba watoto wao mabegani, kina mama walisukuma vigari vya vichanga, na mayaya wa Kiafrika na wa Kifilipino walifuata nyuma, mikono imejaa mifuko ya nepi na bisi. Nje jua lilikuwa likiwaka kama tanuri la chokaa, lakini ndani kiyoyozi kilivuma na sakafu ilimetameta hata mtu akaona haya kuikanyaga. Wote hao, kwa muda mrefu, walikuwa wakija kumwona dubu.

Ndani ya dubu huyo alikuwamo mtu. Jina lake Josphat, mwanamume wa Kitale, mpana wa mabega na mwepesi wa miguu kuliko umbo lake lilivyoonyesha. Alikuja Saudia kuwa mlinzi wa mlango. Siku moja mtu aliyekuwa akivaa vazi la dubu aliugua, Josphat akavishwa manyoya yale kwa lazima, na tangu siku hiyo hayakumtoka. Alipotikisa kiuno watoto waligaagaa kwa kicheko. Alipojidai amepotewa na asali yake, walimwelekeza kwa sauti za kuvunja koo. Walimwita Dubdub, na jina hilo lilimwingia moyoni kuliko lile alilobatizwa.

"Baba Ian, wewe ulizaliwa na manyoya kwa ndani," aliambiwa na Selipher, mwanamke wa Siaya aliyeshona na kutunza mavazi ya jukwaani. Alimwita hivyo kwa jina la mwanawe wa kwanza aliyebaki nyumbani na mamake, Rosebellah. Josphat alicheka tu, lakini maneno hayo aliyameza kama uji wa moto siku ya baridi.

Ndipo akaja Dalmas.

Alikuja kijana mwembamba, mrefu kama mwanzi, akiwa na begi moja na simu iliyopasuka kioo. Kampuni ilimleta kubeba masanduku. Katika nyumba ya wafanyakazi kule Al-Murabba vitanda vyote vilikuwa na wenyewe, na wenye vitanda walijifanya wamelala. Ni Josphat aliyeinuka. Alimpa kijana kitanda chake, yeye akatandika blanketi sakafuni. Siku iliyofuata alimpeleka soko la Al-Dirah kununua ndala na shuka, na njiani akamfundisha maneno ya kumsitiri.

"Bosi akisema yalla, kimbia. Akisema halas, simama. Ukikosa la kusema, sema mafi mushkila, hakuna tabu. Hata kama tabu iko."

"Asante, kaka," Dalmas alisema. "Sitakusahau."

Tena ni Josphat huyo huyo aliyemwambia Ustadh Hamdi, Mmisri aliyeongoza michezo ya jukwaani, kwamba kijana alikuwa amecheza sarakasi shuleni na angeweza kupinduka hewani mara nyingi bila kuguswa na ardhi. Laiti angalijua alichokuwa akikitamka! Lakini majuto ni mjukuu.

Haukupita muda Ustadh Hamdi alikuja na mchezo mpya. Aliwakusanya wafanyakazi mbele ya kioo kikubwa na kuwaonyesha picha za misitu ya mbali kaskazini, ambako theluji hulala juu ya miti kama pamba. Katikati ya theluji dubu alikuwa ameinama akichimba mizizi. Nyuma yake kitu chenye rangi ya moto na milia myeusi kilikuwa kikinyata, tumbo likigusa chini.

"Huyu ni chui milia," Ustadh alisema. "Katika misitu ile humwinda dubu na kumla. Hamwindi kwa nguvu peke yake, maana dubu ana nguvu. Humvizia kwa nyuma, upande ambao upepo hautapeleka harufu. Humngoja ainame, ashughulike na tumbo lake, asahau dunia. Kisha huruka, akamshika shingo. Halas."

"Na dubu hashindi hata siku moja?" Josphat aliuliza.

"Dubu dume mkubwa aweza kushinda, hata kumpora chui windo lake. Lakini sisi hatuchezi habari za siku hiyo."

Vazi la chui lilipotolewa kwenye sanduku, chumba kizima kilishusha pumzi. Manyoya yalikuwa laini, milia imepangwa vizuri, na macho ya kioo yaliwaka. Josphat hakuwa na shaka hata chembe kwamba vazi lile ni lake. Nani mwingine? Nani aliyejua jukwaa kumshinda? Alikwisha kunyoosha mkono Ustadh aliposema, "Dalmas, vaa."

"Ustadh, mimi ndiye mkongwe hapa," Josphat alisema, akijaribu kucheka.

"Ndiyo maana wewe ni dubu. Chui lazima awe mwepesi. Wewe simama imara umpokee anaporuka kutoka juu ya mwamba. Usipompokea ataumia. Kazi yako ni kubwa kuliko yake."

Maneno hayo ya mwisho Josphat aliyasikia kama pipi anayopewa mtoto baada ya kuchapwa. Mkono wake ulirudi kando ya paja, ukabaki hapo kama mkono wa mtu mwingine.

Tangu siku hiyo, kila jioni Josphat aliuawa mbele ya halaiki. Aliinama akachimba mizizi ya plastiki, ngoma zikapiga taratibu, na watoto, wale wale waliokuwa wakimwonyesha asali, sasa wakanyamaza ili wasimshtue. Hakuna aliyemwambia ageuke! Kisha Dalmas akaruka kutoka juu ya mwamba wa mbao, akapaa kama aliyesahau kwamba ana uzito, na Josphat akampokea mgongoni na kuanguka naye. Ukumbi ukalipuka. "Nimr! Nimr!" watoto walipiga kelele, yaani chui, chui. Meno ya sponji yalipomgusa shingoni, Josphat alinong'ona ndani ya kichwa cha dubu, "Toka mgongoni mwangu, paka wewe." Dalmas alicheka chini kwa chini, akidhani ni utani wa marafiki. Haukuwa utani.

Wivu ni kama mchwa. Huanza na kijiti, ukaja kushtukia paa limeshuka. Josphat alianza kuhesabu mambo ambayo zamani hakuyaona. Baada ya mchezo, watoto walijipanga kupiga picha na chui hadi mstari ukapinda, naye dubu alisimama peke yake kama mgeni asiyealikwa. Bosi Nawaf, kafili wao, yaani mwajiri aliyewadhamini nchini, aliyekuwa akipita bila kuwatazama, siku hizi alimpiga Dalmas bega na kumwita shujaa. Hata Selipher aliketi na vazi la chui mapajani akichana manyoya yake uzi kwa uzi, huku la dubu likining'inia msumarini na kwapa lake limefumuka.

Akaanza kukataa kufa. Chui akisha kumwuma na muziki kukoma, dubu aliinuka tena, akapepesuka, akaanguka, akainua mguu mmoja, akautetemesha, akasita, akainua mwingine. Watoto walicheka kidogo, nacho kicheko hicho alikilamba kama mtu alambaye chungu kilichokwisha kupakuliwa.

"Ya Josphat!" Ustadh alifoka nyuma ya pazia. "Chui amekuuma shingo. Kufa, bwana! Mbona hufi?"

Wafanyakazi wakamtungia jina, dubu aliyekataa kufa, na Dalmas akacheka pamoja nao. Josphat alikiona kicheko kile na kukiweka moyoni.

Lakini kilichomkata maini kabisa kilitoka nyumbani. Rosebellah alikuwa amepata picha za mchezo ule kwenye simu, na Ijumaa moja Ian akamnyang'anya mamake simu ili aongee na babake.

"Baba, yule chui ni rafiki yako?"

"Ni mtu wa kazini tu. Dubu ulimwona? Dubu ni mimi."

"Nilimwona akianguka," mtoto alisema kwa haraka. "Baba, chui yuko hapo? Mpe simu nimsalimie. Mimi nikiwa mkubwa nitakuwa chui."

Dalmas alikuwa kitanda cha pili, akishona ndala yake iliyokatika. Josphat alimtazama, akamtazama mtoto kiooni, akasema mtandao ni mbaya. Kisha akakata. Alikaa na simu mkononi. Watoto wa watu amewachukua, sasa na wangu? aliwaza. Hapo ndipo shetani alipovuta kiti akaketi.

Shule zilipofungwa, kampuni iliwapeleka Jeddah, kwenye ukumbi uliotazamana na bahari. Riyadh joto lake ni kavu, hukausha shati mwilini. La Jeddah ni la unyevu, humvaa mtu kama blanketi lililochovywa maji. Vazi la dubu lilikunywa jasho hadi likawa zito kama gunia la mahindi mabichi.

Siku ya kwanza ukumbi ulijaa pomoni, na Bosi Nawaf aliketi mbele pamoja na wageni wake. Josphat aliinama akachimba mizizi. Ngoma zikapiga taratibu. Aliujua mruko wa Dalmas kama ajuavyo njia ya kwao: kwanza mbao za mwamba hulia, kisha kimya, kisha uzito. Mbao zikalia. Katika kimya kile kifupi, Josphat alihamisha miguu yake kando.

Dalmas alipita hewani na kushukia mbao tupu. Mkono ulitangulia, kichwa cha chui kikazunguka hadi macho ya kioo yakatazama mgongoni. Ukumbi ukanyamaza, kisha ukacheka, kicheko kile cha kumcheka mtu. Josphat, gizani ndani ya manyoya yake, alihisi utamu wa asali ulimini. Haukukaa. Kabla pazia halijafungwa ulikuwa umegeuka shubiri, kwa maana Dalmas alijikokota hadi kwake na kumnong'oneza, "Nisamehe, kaka. Nimekosea mruko, nimekuharibia."

Nyuma ya jukwaa Bosi Nawaf alisema neno moja tu kwa Dalmas: aibu nyingine kama ile, basi atapanda ndege kurudi kwao. Selipher alimfunga kijana kifundo cha mkono kilichovimba kama andazi, kisha akamfuata Josphat penye ndoo za maji.

"Baba Ian, mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Na nina macho."

"Uliona nini?"

"Niliona miguu. Miguu ya dubu haihami yenyewe."

"Kama umeona, nenda ukaseme."

"Sitasema mimi," Selipher alijibu. "Utasema wewe, siku siri hii itakapokushinda kuibeba."

Josphat alimpa mgongo. Usiku huo hakula, na asubuhi hakunywa chai.

Siku iliyofuata Bosi aliagiza mmoja wao atoke nje, barabara ya pwani, awavutie watu waje ukumbini. Dalmas mkono ulikuwa umefungwa, hivyo Josphat alijitolea. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alikuwa peke yake na watoto. Walimzunguka, wakamvuta mkia, wakamkumbatia miguu. Hakuna aliyemwuliza chui yuko wapi. Jua la alasiri lilimpiga utosini, jasho likamjaa viatuni, naye akaendelea kutikisa kiuno.

Selipher alikuja na chupa ya maji baridi. "Imetosha. Ingia ndani uvue kichwa, unywe."

"Bado wananitaka."

"Joto hili halina mchezo, Baba Ian. Kunywa basi."

"Mpelekee chui wako," Josphat alisema, akamsukuma mkono hata maji yakamwagika.

Aliporudi ukumbini, muda wa mchezo ulikuwa umefika. Kichwa kilimgonga, na jambo la ajabu, jasho lilikuwa limekoma. Alipanda jukwaani akainama. Theluji ya karatasi ilianza kushuka, naye akaiona ni theluji kweli, nyeupe, ikimwita alale. Akasikia mbao za mwamba zikilia. Alitaka kusimama imara. Naapa alitaka! Lakini miguu haikuwa yake tena, na dunia ikazimika kama taa.

Alipofumbua macho alikuwa hospitalini, mpira wa maji ukiingia mkononi. Selipher alikuwa kando ya kitanda, na ndiye aliyemsimulia yaliyotokea.

"Ulianguka kabla Dalmas hajakufikia vizuri. Watu wakapiga makofi, hujawahi kusikia makofi kama yale. Ustadh akaniambia, tazama, leo hatimaye amekufa ipasavyo. Sote tulikuwa tunacheka, Baba Ian. Mungu atusamehe, tulikuwa tunacheka. Dalmas alilala juu yako kama kawaida, akakaa kidogo. Halafu akaanza kupiga kelele kwamba hujamtukana leo."

Josphat alifumba macho.

"Ndivyo alivyosema: 'Hajanitukana! Leo hajanitukana!' Akakung'oa kichwa cha dubu mbele ya watoto wote, kwa mkono ule ule mbovu. Watoto walilia, mama zao wakapiga yowe. Alichukua barafu yote ya muuza sharubati akakumwagia, akakubeba mgongoni hadi mlangoni, hakungoja machela. Daktari amesema tungechelewa kidogo tu, Rosebellah angekuja uwanja wa ndege kupokea sanduku."

Jioni Dalmas alikuja. Alisimama karibu na mlango, asijue aweke wapi mkono wake uliofungwa. Josphat alijiinua kwenye mto.

"Dalmas, siku ile ulipoanguka, ni mimi."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu niko hewani. Niliona miguu ikihama."

"Na bado ukaniomba msamaha?"

"Nilifikiri ukisikia nakuomba msamaha, utaona haya uniambie ukweli. Hukuniambia." Sauti ya kijana ilikuwa ngumu. "Usidhani sikukasirika, kaka. Nilikasirika sana. Nilishapanga tukirudi Riyadh nihame chumba, nisikujue, usinijue."

"Basi kwa nini uliniokoa?"

Dalmas alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji ni maji.

"Ulikuwa hupumui," alisema.

Kisha Dalmas akaeleza, bila kulalamika, kwamba Bosi amekwisha kuamua. Kumvua dubu kichwa mbele ya watoto ni kosa lisilosameheka katika kampuni, na picha za mtu anayetoka povu ndani ya manyoya zilikuwa zimeenea kwenye simu za watu. Baada ya anguko la siku ya kwanza, hii ilikuwa aibu ya pili. Kesho angepanda ndege.

Asubuhi Josphat alitoka hospitalini miguu ikiyumba, akaenda moja kwa moja hadi ofisi ndogo nyuma ya ukumbi. Hakubisha mara mbili. Bosi Nawaf alikuwa akinywa kahawa pamoja na Ustadh Hamdi.

"Bosi, mtu wa kurudi nyumbani ni mimi," alisema. "Siku ya kwanza Dalmas hakukosea. Mimi nilihama makusudi ili aanguke. Nilimwonea wivu. Alikuja hapa hana kitu, mimi nikampokea, kisha nikaona amechukua kila kitu changu. Jana alijua nilichomtendea, na bado aliniokoa."

Ustadh alishika kichwa. Bosi aliweka kikombe chini polepole.

"Kama alijua," aliuliza, "kwa nini hakukuacha pale chini?"

Josphat alitafuta jibu katika Kiarabu chake cha kuokoteza, asilipate. Lililomjia lilikuwa katika lugha ya kwao, akalitafsiri vipande vipande, kama mtu avukaye mto kwa mawe: mgeni aje, ili mwenye nyumba apone. Bosi alimtaka alirudie. Akalirudia, na mara hii machozi yalimtangulia.

Bosi Nawaf alivuta shanga za tasbihi yake moja moja. Mwisho alitoa hukumu. Dalmas hataondoka, atabaki chui, na tena atashukuriwa mbele ya watu wote. Josphat naye hatapanda jukwaani msimu mzima. Atabeba masanduku, na kazi yake kubwa itakuwa kusimama nyuma ya pazia na maji baridi, kuhakikisha hakuna anayevaa manyoya kupita kiasi. Mbele ya watazamaji, asionekane. Na akirudia ubaya wake, ndege ipo.

Ilikuwa adhabu ya haki, na iliuma. Alasiri ile mtu mwingine aliinama akachimba mizizi, ngoma zikapiga, na watoto wakaita chui. Josphat, chupa mkononi, alihisi kijiba kile cha zamani kikijaribu kuinuka moyoni. Hakujidanganya kwamba hakipo. Dalmas alipotoka jukwaani, akihema, Josphat alimvua kichwa cha chui kwa mikono miwili, akampa maji, akamngoja anywe yote.

"Pole na kazi," alimwambia.

"Asante, kaka," Dalmas alijibu, akafuta jasho kwa mkono ule uliofungwa.

Hakuhama chumba. Na Josphat, aliyempokea kijana akaja kumwona mwizi wa riziki yake, alikuwa hai kwa sababu ya mapokezi yale yale aliyoyajutia. Wahenga hawakukosea waliponena: mgeni njoo, mwenyeji apone.